“Dada, Kafunike Macho Hayo!”

Jamani, wenzangu wa kalamu, leo sikuleta hadithi. Leo nimeleta ugomvi.

Nina ugomvi na kichupa kimoja kidogo, urefu wake kama kidole, kinachouzwa Kariakoo kwa jina la konsila. Kazi yake ni moja tu: kuficha weusi wa chini ya macho. Nikisema nagombana na kichupa natania kidogo, maana kichupa hakina kosa. Ugomvi wangu ni na wale wanaonituma nikakinunue.

Kisa chenyewe hiki hapa. Mie ni msichana wa mapokezi katika hoteli moja hapa Dar es Salaam. Nilimaliza kidato cha nne, matokeo yakawa ya kupumulia tu, nikasoma kozi ya miezi sita, nikapata kazi. Naishukuru kazi yangu. Ila zamu zetu zina mtindo ambao sisi wenyewe tunauita “funga-fungua”. Unaingia saa nane mchana, unatoka saa nne usiku. Kesho yake unatakiwa uwe mezani saa kumi na mbili alfajiri, nywele zimechanwa, shati limepigwa pasi, tabasamu limekaa mahali pake. Piga hesabu mwenyewe. Kutoka mjini hadi kwetu Mbagala kwa gari la usiku, nafika saa tano na nusu. Nioge, nile kiporo, nilale saa sita. Saa kumi niko macho tena, natafuta kiatu gizani. Usingizi wangu wote ni saa nne, na hapo ni pale mbu wanapokuwa na huruma.

Basi siku moja, wiki ya tatu ya mtindo huo, meneja akapita mezani kwangu, akanitazama usoni, akasema mbele ya mgeni: “Dada, kafunike macho hayo. Wageni watadhani hapa tunalaza wagonjwa.”

Nikaenda chooni, nikafunika. Nilikuwa nimeshamaliza jicho la kwanza, niko katikati ya la pili, ndipo nikakumbuka kitu. Ile ratiba ya zamu iliyobandikwa ukutani, chini kabisa ina sahihi. Sahihi ya nani? Ya meneja yule yule!

Ndugu msomaji, nataka tulizungumze hilo. Mtu anapanga kwa mkono wake kwamba nisilale, halafu anakasirika akiona mpango wake umeandikwa usoni kwangu. Na gharama ya kuufuta anatoa nani? Mimi, kwa mshahara wangu.

Najua mmoja wenu ameshaanza kunung'unika: hayo ni ya hotelini, waandishi yanatuhusu nini? Ngojeni kidogo. Jumamosi ya wiki hiyo hiyo nilikuja kwenye kikao chetu cha waandishi chipukizi, poda imeshayeyuka kwa jasho la daladala. Kaka mmoja naye kaja, macho meusi kama mtu aliyepigwa ngumi. Wenzake wakamshangilia! “Huyu sasa ndiye mwandishi! Tazama macho, mtu kakesha na mswada!” Na sote tunajua alikesha na mpira wa Ulaya. Nilipokaa mimi, macho yale yale, swali likawa: “Dada vipi, unaumwa?” Na mwingine kwa sauti ya chini, akidhani sisikii: “Au shemeji kamtenda?”

Mnaona? Weusi ni ule ule. Chini ya jicho la mwanamume ni cheti, chini ya jicho la mwanamke ni ugonjwa au aibu ya mapenzi. Na mliosema hivyo ndio ninyi mnaoandika riwaya za kumkomboa mwanamke. Nitawarudia, msiondoke.

Kwanza tujue tunaficha nini, maana watu wengi wanaficha kitu wasichokijua. Ngozi ya chini ya jicho ni nyembamba kuliko karibu ngozi nyingine yote mwilini. Unene wake ni kama nusu milimita. Nyuma yake pana mishipa midogo ya damu, na ngozi ikiwa nyembamba kiasi hicho, rangi ya damu hupenya ikaonekana kwa nje, kama taa nyuma ya kanga. Usipolala, ngozi hupauka, mishipa hutanuka, kope za chini huvimba, na weusi huzidi. Hilo ndilo watu wanalolijua.

Wasilolijua ni hili: mara nyingi usingizi hauhusiki kabisa. Kuna watu ambao melanini, ile rangi inayotupa weusi wetu, imejipanga zaidi kuzunguka macho. Jambo hilo hurithiwa, na huonekana zaidi kwa sisi wenye ngozi nyeusi na kwa watu wa asili ya Bara Hindi kuliko kwa Wazungu. Kuna wengine ambao weusi wao si rangi hata kidogo, ni kivuli tu: jicho limezama kidogo, taa ikitoka juu shimo linaonekana. Kuna wenye mzio wa vumbi, ambao hujisugua macho kutwa hadi ngozi inabadilika. Na kuna umri. Kadiri miaka inavyokwenda, mafuta ya chini ya ngozi hupungua na bonde likajichimba lenyewe.

Bibi yangu mzaa mama yuko Kilwa. Bibi huyo hulala pamoja na kuku, saa mbili usiku keshakoroma. Weusi anao. Mama anao. Mimi nimeutazama kwenye picha yangu ya darasa la kwanza, nimeshika bango la jina la shule, na ninao. Wakati ule sikuwa na zamu yoyote isipokuwa ya kuchota maji. Kwa hiyo nusu ya kile ambacho meneja alikiita ugonjwa ni urithi wa bibi yangu, na nusu ya pili ni urithi wa ratiba yake. Kipi katika hivyo viwili kinanistahili aibu?

Lakini mtaani hakuna anayeuliza sababu. Mtaani wana majibu tayari. Msichana akiwa na macho meusi na kilo zimepungua mbili, basi kesi imekwisha: “ana ngoma”. Au anakesha baa. Au anavuta. Au kaachwa. Miaka ile dada zetu walipokuwa wakizikwa kila wiki, watu walijifunza kusoma nyuso kama vyeti vya hospitali, na tabia hiyo imebaki hadi leo, wakati mtu mwenye virusi anameza dawa zake, anafanya kazi, analea watoto na macho yake yanang'aa kuliko yangu. Uchunguzi wa macho haujawahi kuwa kipimo. Lakini nenda kawaambie wale wanaokaa barazani.

Ndiyo maana nasema msimcheke msichana anayepaka. Hapaki kwa kuwa ni mjinga. Anapaka kwa sababu anapopita barazani asubuhi kuna macho kumi yanayompima, na akifika kazini kuna mengine mawili yenye uwezo wa kumfukuza.

Sasa tuingie kwenye kichupa chenyewe. Kukificha kile kitu vizuri ni ufundi, na msidanganywe kwamba ni kujipaka tu. Ukichunguza, weusi ule ndani yake una ubluu, au zambarau, au kahawia. Ukiupaka rangi ya ngozi moja kwa moja, unageuka kijivu. Unatoka nyumbani kama mtu aliyepulizwa unga wa muhogo. Kwa hiyo mafundi huanza na rangi ya chungwa, kwa sababu chungwa huumeza ubluu. Kwa ngozi yetu chungwa lenyewe liwe limekolea, karibu na wekundu. Unagusa kidogo kidogo kwa kidole cha pete, kwa kuwa ndicho kidole kisicho na nguvu. Halafu ndiyo konsila ya rangi ya ngozi yako halisi, safu nyembamba, na poda kiduchu juu yake ili isitambae kwenye mikunjo. Ukizidisha, ifikapo saa nne asubuhi kila mkunjo umechorwa upya na unaonekana umechoka mara mbili ya ulivyoamka.

Mafuta mawili, poda moja na kioo chenye mwanga. Kwenye duka lililonihudumia, ile rangi ya chungwa peke yake ilikuwa na bei ya mshahara wangu wa siku nne. Nikauliza ya bei nafuu. Dada wa dukani akanionyesha konsila tatu, zote za rangi ya biskuti. Nikamwambia, “Shoga, hii si rangi yangu.” Akanijibu bila kutania: “Hii ndiyo inayong'arisha.”

Hapo ndipo penye mzizi. Kitu hiki hakikutengenezwa kwa kutufikiria sisi. Mafuta haya ya kufichia yalikuzwa na sinema: kampuni ya Max Factor, iliyokulia Hollywood ikiwapaka waigizaji, iliuza konsila yake iitwayo Erace mwaka 1954, na kwa uso wa nani, mnajua. Mwanamke mweusi alisubiri. Mwaka 1973 Eunice Johnson wa Chicago alianzisha Fashion Fair kwa sababu wanamitindo wake weusi walikuwa wakichanganya rangi wenyewe kupata inayowafaa. Mwaka 1994 Iman, Msomali aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi alipoibuliwa kwenye mitindo mwaka 1975, akaanzisha vipodozi vyake kwa sababu hiyo hiyo. Mwaka 2017 Rihanna akatoa Fenty Beauty, rangi 40 za faundesheni kwa mkupuo, na dunia nzima ikashangaa kwamba kumbe inawezekana. Mwaka 2017! Mama yangu alikuwa ameshachoka miaka mingapi?

Na rangi hizo 40 zinakaa kwenye maduka ambayo mlango wake tu unanitisha. Kinachofika kwenye meza ya mtaani ni rangi ya biskuti.

Basi msichana akishindwa kuficha, anafanya nini? Anaambiwa aondoe. Na hapa naacha mzaha, kwa kuwa hapa ndipo watu wanapoumia.

Mwaka juzi mimi mwenyewe nilinunua kikopo kisicho na lebo, shilingi elfu tano, “krimu ya kutoa weusi wa macho”. Aliyeniuzia aliniambia niweke usiku, kidogo tu. Nikaweka wiki sita. Wiki mbili za kwanza, naapa, niliona matokeo. Nikajitazama kwenye kila kioo cha gari. Wiki ya nne ngozi ikaanza kuwasha, ikawa kama imepakwa pilipili. Wiki ya sita ikameguka, na kilichokuja baada ya hapo kilikuwa cheusi kuliko nilichokuwa nacho tangu kuzaliwa. Nesi wa zahanati aliniuliza swali moja: “Mdogo wangu, ulijua mle ndani mna nini?” Sikujua. Hata aliyeniuzia hakujua. Hata aliyekoroga nadhani hakujua.

Mikorogo hiyo kwa kawaida huwa na mojawapo ya vitu vitatu, au vyote pamoja. Haidrokwinoni huzuia ngozi kutengeneza rangi yake. Ukiitumia muda mrefu bila daktari inaweza kukuachia madoa ya bluu-nyeusi ambayo madaktari huyaita okronosisi. Yaani unatumia dawa ya kutoa weusi, inakulipa weusi wa kudumu. Zebaki hupenya kwenye ngozi na kudhuru figo. Steroidi kali hulainisha ngozi hadi iwe kama karatasi ya sigara, na zikipakwa karibu na jicho kwa muda mrefu zinaweza kuleta presha ya macho na mtoto wa jicho. Mnaelewa maana yake? Msichana anaweza kuuhatarisha uoni wake kwa ajili ya kuficha kwamba hakulala.

Msinambie serikali haijui. Sheria ya Chakula, Dawa na Vipodozi ilipitishwa mwaka 2003, na vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni vimekatazwa hapa nchini. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013, unaohusu zebaki duniani, nao umevigusa vipodozi vya kung'arisha ngozi. Karatasi zipo. Lakini kikopo changu kilikuwa mezani, juani, mchana kweupe. Na sisi wenyewe tunafanya nini? Tunacheka. “Uso Fanta, miguu Coca-Cola!” Tumecheka miaka mingi, na kicheko hakijamtoa hata mmoja kwenye mkorogo. Tunamcheka akiwa na weusi, tunamcheka akiutoa. Sasa tunataka atembee na uso wa nani?

Najua majibu yenu. Niyapitie moja moja.

Mtasema: mwandishi huyu anapinga urembo, kesho atatuambia tuvae magunia. La hasha! Mimi napenda wanja. Napenda hina mpaka kwenye kucha. Bibi yangu wa Kilwa, na umri wote ule, siku ya harusi ya mjukuu alijipaka wanja akatoka ukumbini kama anaolewa yeye. Kujiremba ni furaha, na furaha haihitaji hoja. Ukiamka siku ya sikukuu ukataka uso wako usiwe na kivuli hata kimoja, paka, tena nikuazime kioo. Lakini kujiremba ni jambo moja na kujificha ni jingine. Ninapojiremba nataka unitazame. Ninapojificha naogopa utaniona. Mikono ni ile ile na poda ni ile ile, ila moyo unadunda tofauti, na kila msichana anayesoma hapa anaijua tofauti hiyo.

Mtasema: bosi ana haki ya kutaka unadhifu. Kweli anayo. Unadhifu ni shati safi, kucha safi, harufu nzuri na salamu ya heshima. Hayo yote nampa. Lakini usingizi wangu haumo kwenye orodha ya sare. Tena tukitaja haki, tuzitaje zote. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema saa za kawaida za kazi zisizidi 45 kwa wiki. Inasema kati ya kumaliza kazi na kuianza tena mfanyakazi apate mapumziko ya angalau saa 12 mfululizo. Inasema kazi ya usiku, kuanzia saa mbili usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi, iwe na nyongeza ya asilimia 5 ya mshahara wa msingi. Kutoka saa nne usiku hadi saa kumi na mbili alfajiri ni saa ngapi? Nane. Zile saa nne zilizopotea ndizo zimekaa chini ya macho yangu. Yeye anaziita uchafu, mimi naziita deni.

Mtasema: si uache kuandika usiku ulale? Hapo mmenigusa, na sitadanganya. Ni kweli, siku zangu za mapumziko nakesha. Nina riwaya, iko sura ya tisa, na nyumba yetu ya kupanga ina vyumba sita na redio saba, kwa hiyo kimya chake huanza saa saba usiku. Weusi mwingine nimejitia mwenyewe, na huo sinung'uniki. Lakini angalieni: usiku nilioutoa kwa hiari haunitii aibu. Ule niliochukuliwa ndio ninaoamriwa kuuficha.

Sasa nawarudia ninyi wenzangu wa kalamu, mlioshangilia macho ya kaka yule.

Chukueni miswada yenu mkasome mlivyowaandika wasichana. Nimesoma mingi kwenye kikao chetu na naweza kuwaambia bila kufungua. Ana macho ya gololi. Ana macho ya kusinzia, yale ya “nimekula kungu”. Ni mhudumu wa baa, anafunga saa nane usiku, mtoto wake anaumwa, mwenye nyumba anamdai, na bado akiamka asubuhi “uso wake uling'aa kama mbalamwezi”. Ulimng'aa kwa dawa gani? Nani kampaka? Umempaka wewe mwandishi! Umechukua konsila ukampitishia msichana ambaye hana hata sabuni, kwa sababu unaogopa msomaji hatampenda akimwona alivyo. Na tukishamzoea huyo wa kwenye kitabu, tunatoka nje tunamtazama wa kweli kwenye foleni ya daladala tunaona ana kasoro.

Na shujaa wako wa kiume je? Yeye unamwachia kovu, ndevu, macho mekundu na jasho. Yeye anaruhusiwa kuwa ameishi.

Sijisafishi. Sura ya kwanza ya riwaya yangu ina mama ntilie anayeamka saa tisa za usiku kuwasha mkaa. Niliandika kwa mkono wangu huu kwamba macho yake yalikuwa “maangavu kama nyota ya alfajiri”. Niliandika hivyo mwaka ule ule nilipokuwa najipaka kikopo cha elfu tano. Nilipoisoma tena baada ya kauli ya meneja, niliona aibu ambayo sikuiona chooni. Nimeuchana ukurasa ule. Sasa mama yule ana moshi machoni, ana weusi aliorithi na weusi alioupata, na kijana anayekula maandazi yake anampenda hivyo hivyo. Kaandikwa vizuri au vibaya mtahukumu ninyi, lakini angalau analala saa anazolala.

Tunao mfano mkubwa wa kutosha. Euphrase Kezilahabi alipotoa Rosa Mistika mwaka 1971, aliwaonyesha wasichana na wazazi na walimu bila kuwapaka kitu, na kitabu kikazuiwa mashuleni kwa muda. Waliokizuia walikuwa wanasema nini, kama si maneno ya meneja wangu? Kafunike macho hayo, wageni watadhani tunalaza wagonjwa. Hakufunika. Leo tunamsoma yeye, na nani kati yetu anawakumbuka waliomzuia?

Basi naomba mambo matatu, kisha niende kulala.

Kwa msichana mwenzangu: ukitaka kupaka, paka, lakini rangi yako, na paka juu ya ngozi, usiingie ndani ya ngozi. Kikopo kisicho na lebo kisikaribie jicho lako hata kwa dawa. Na kabla hujanunua chochote, kawaulize mama na bibi picha zao za zamani. Huenda unapigana na ukoo mzima.

Kwa kaka zangu wa kikao: mkimwona dada amechoka, muulizeni amechoshwa na nini, kisha mnyamaze mpaka amalize kujibu. Pale pana riwaya mbili tatu ambazo hamtazipata kwenye mpira wa Ulaya.

Kwa waajiri, kama kuna anayesoma gazeti la watoto kama hili: poda ya bei rahisi kuliko zote inaitwa usingizi, na iko kwenye ratiba yako. Ipange.

Mnataka kujua kama nilimjibu meneja? Sikumjibu. Kodi ya chumba inalipwa miezi sita kwa mpigo na mwezi ujao ndio wangu. Kesho nina zamu ya alfajiri baada ya hii ya leo, na konsila imo mkobani, ile ya rangi ya biskuti, kwa kuwa ya chungwa bado inanishinda. Saa kumi na moja na nusu nitasimama mbele ya kioo cha chooni nitaipaka, na nitamtabasamia mgeni wa kwanza kama mtu aliyelala usiku kucha.

Sitawaambia kwamba huo ni urembo. Ni sehemu ya kazi, isiyolipwa, na siku moja nitaiandikia hesabu yake. Ila hapa kwenye karatasi hakuna wa kunituma chooni. Hapa nimekuja na macho yangu.